Uso wa Bi Kidawa

Kwa siku tano Aaminah alipiga hodi kwenye nyumba thelathini na nne, na zote zilimsamehe kabla hajamaliza kusema.

Ndiyo desturi ya Wazanzibari wa Durban, wale ambao serikali ya makaburu iliwahamishia Chatsworth, na wengi wao wako mtaa wa Bayview mpaka leo. Mtu akipata safari ya Makka, iwe hija au umra, hatoki kimyakimya. Anazunguka kwa ndugu, kwa jirani, kwa mkwe, hata kwa yule waliyetupiana maneno kwenye foleni ya mkate, anasema, "Nimekuja kuaga na kutaka radhi. Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe kwa ajili ya Mungu." Mwenye nyumba anasema ameshasamehe zamani, analeta chai na sambusa, halafu anaanza yake: niombee goti, niombee mwanangu apate kazi, muombee mume wangu aache sigara. Aaminah alikuwa amekunywa chai mpaka tumbo likamgomea.

"Sasa bado nani?" mumewe Essop alimuuliza jioni ya siku ya tano. "Hata paka wa Anti Govender umeshamtaka radhi."

Aaminah alibaki ameinamia sinki. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeng'aa tangu zamani.

"Tahira," Essop akajijibu mwenyewe, na mzaha ukamtoka usoni.

"Tahira," alisema Aaminah.

Sasa sikiliza vizuri, maana bila hili hutaelewa ubishi wa mwanamke huyu. Aaminah ndiye mwosha maiti wa wanawake wa Bayview. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, mwaka wa ishirini na sita huu, halipwi wala hataki kulipwa. Akiingia na ndoo zake, majani ya mkunazi na kafuri, mlango unafungwa, na anachokiona mle ndani hakitoki. Akiona jema anaweza kulisema. Akiona baya anakufa nalo. Hiyo ni amana, na kwa sababu ya amana hiyo neno la mwosha haliulizwi mara mbili. Imamu mwenyewe hamuulizi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Jumamosi moja asubuhi, alifariki Bi Kidawa, mama yake Tahira. Tahira alikuwa ameolewa Johannesburg. Alirukia gari, na alipofika Harrismith, nusu ya njia, akapiga simu huku analia: "Nisubirini mpaka Alasiri, nakuja, nimwone mama." Wanawake wa Bayview hawafuati jeneza makaburini. Binti akitaka kumuaga mama yake, anamuaga pale nyumbani, sanda ikifunuliwa usoni. Jeneza likishatoka mlangoni, basi tena. Kwa hiyo mjomba wake Tahira aligonga mlango wa chumba cha maiti, akauliza kwa adabu zote, "Aaminah, anaweza kungoja mpaka Alasiri?"

Aaminah alijibu kutoka ndani, "Hawezi. Hali yake hairuhusu. Atoke Adhuhuri."

Nani angembishia? Jeneza likatoka Adhuhuri. Tahira alifika saa nane na nusu, akakuta watu wanakunja mikeka. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akawa na swali moja tu: mama alikuwaje hata asiweze kungoja? Kila aliyeulizwa alimwelekeza kwa Aaminah, na Aaminah akasema hiyo ni amana. Mwaka uliofuata ndoa ya Tahira ilivunjika, akarudi Durban, lakini Bayview hakukanyaga. Alipanga flati South Beach, ghorofa ya tisa, akapata kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno mjini. Hakuja harusi, hakuja msiba.

"Kesho nipeleke South Beach," Aaminah alimwambia Essop. "Jumamosi ndege inaruka. Siendi Makka nimemruka mtu."

Walikwenda. Pale chini ya jengo kulikuwa na mlinzi, Mrundi mmoja mpole aitwaye Pontien, ndiye aliyepiga simu juu. Tahira hakumwambia mgeni apande. Alishuka mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwembamba, mtandio umekazwa kichwani, akasimama karibu na lifti.

"Asalamu alaykum, mdogo wangu," alisema Aaminah.

"Wa alaykum salaam, Da Aaminah." Mkono hakutoa.

Aaminah akaanza yale maneno aliyokwisha kuyasema mara thelathini na nne. Nimekuja kuaga na kutaka radhi, kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua...

"Da Aaminah," Tahira alimkatiza, "mimi sitaki 'kama'. Umenikosea nini? Taja."

Mwanamke huyu ambaye sauti yake husikika nyumba ya tatu, siku hiyo sauti aliitafuta. "Siku ile ya mama yako," alisema. "Hukumwona. Inaniuma kwamba hukumwona."

"Kwa nini sikumwona?"

"Hali yake haikuruhusu."

"Hali gani?"

"Tahira, hiyo ni amana..."

"Miaka kumi na miwili!" Pontien aliinua kichwa pale mezani kwake. "Miaka kumi na miwili nikifumba macho namwona mama yangu ameharibika. Leo uso umevimba, kesho umekuwa mweusi, keshokutwa hauna macho. Kila siku namtengenezea sura mbaya kuliko ya jana, kwa sababu wewe umekataa kunipa hata moja. Nenda Makka, Da Aaminah, ufike salama. Mimi sijakusamehe."

Akaingia kwenye lifti, milango ikafungwa.

Garini Essop alijitahidi kumliwaza. Umeomba, amekataa, wajibu wako umekwisha, yaliyobaki ni yake na Mola wake. Walisimama kwenye robot nyekundu, zile taa za barabarani, karibu na mkahawa wa samaki.

"Essop," alisema Aaminah, "maiti ya Bi Kidawa ilikuwa nzuri."

"Eh?"

"Ilikuwa nzuri. Haikuwa na chochote. Ingengoja Alasiri. Ingengoja hata Magharibi."

Robot ikageuka kijani. Essop hakuona. Magari ya nyuma yalipiga honi mpaka mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akamtukana kwa Kizulu, ndipo alipoondoa gari, akaenda kuliegesha kando ya ukuta.

"Basi kwa nini?"

"Nikaha ya Zubeida."

Essop alikumbuka, masikini. Zubeida ni binti wa kaka yake Aaminah, na nikaha yake ilikuwa Isipingo, Jumamosi ileile, baada ya Alasiri. Aaminah ndiye shangazi aliyekabidhiwa kumvisha bibi harusi na kumtoa mbele za watu. Alikuwa ameingoja heshima hiyo kwa miezi. Essop mwenyewe ndiye aliyempeleka, na njiani alimsifia gauni lake la kijani.

"Nilijua anamkosa mama yake," alisema Aaminah, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Hilo nilijua, nikajiambia ni kadari. Hili la kumwona ameoza sikulijua, wallahi sikulijua. Nimemchafulia mama yake, Essop. Nimemwosha kwa mikono yangu, halafu nimemchafua kwa mdomo wangu."

Essop akasema kama mume anayeogopa. "Mwambie Mungu kule kule. Shika pazia la Kaaba, lia, tubu. Huku usimwambie mtu. Bayview wakijua kwamba ulidanganya ndani ya chumba cha maiti, nani atakupa mama yake umwoshe tena? Jina lako litakwisha. Na jina la mama yako."

"Wasinipe."

"Aaminah..."

"Nimesema wasinipe! Haki ya Mungu naimaliza na Mungu. Hii ni haki ya Tahira. Nikaseme labbaika kwa mdomo huuhuu? Nikifika pale Mungu ataniuliza nimetoka wapi."

Essop aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia alipokataa kuolewa na mwenye duka mmoja akamchukua yeye, kuli wa bandarini. Hakubishana tena, lakini pia hakukubali kumpeleka mara ya pili. Alisema hawezi kukaa akimtazama mkewe anajivunja mwenyewe.

Alhamisi Aaminah alipanda taxi mpaka mjini, akapanda nyingine mpaka ufukweni, akafika saa saba mchana. Pontien alipiga simu juu, hakuna aliyejibu.

"Mama, dada iko kazini," alisema. "Anarudiaka saa kumi na moja. Utamungoja?"

"Nitamngoja."

"Eish, mama. Ni masaa minne." Akaenda akaleta kiti cha plastiki, akakiweka kivulini. "Basi iko kiti hapa. Keti."

Aliketi. Aliswali Adhuhuri kwenye kona ya ukumbi juu ya kanga yake, akaketi tena. Pontien alimgawia mkate na soda. Aaminah hakuwa na hamu ya kula lakini alikula, maana alijua atahitaji nguvu. Mara mbili alisimama aende zake. Hofu ilimshika kweli, si ya Tahira peke yake. Aliona nyumba za Bayview zikimfungia milango moja baada ya nyingine, na mabinti wakinong'ona akipita. Mara zote mbili alikaa tena, na mara ya pili alijitukana kwa sauti mpaka Pontien akacheka.

Tahira alitokea na mfuko wa mboga mkononi. Alipomwona alitaka kupita. Aaminah alisimama mbele yake na kuyasema yote palepale, mlinzi akisikia, hata salamu hakuanza nayo.

"Nilidanganya. Mama yako alikuwa mzima wa sura, hakuharibika hata kidogo. Angekungoja. Nilisema hali yake hairuhusu kwa sababu nilikuwa na harusi Isipingo na sikutaka kuchelewa. Nilikukosea kwa kujua. Hakuna 'kama'. Na sikuja unisamehe kwa sababu nasafiri. Hata ningekuwa siendi popote, ulistahili kuambiwa."

Tahira aliketi kwenye kile kiti cha plastiki. Hakulia. Alitazama viazi vyake ndani ya mfuko.

"Harusi," alisema.

"Harusi."

"Ya nani?"

"Ya Zubeida wa kaka yangu."

"Bado wako pamoja?"

"Waliachana. Hawakumaliza miaka miwili."

Tahira akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukatakata, na Aaminah alitamani angepigwa kofi badala yake. Kilipokwisha, Tahira aliinuka, akamsogelea usoni mpaka Pontien akaondoka mezani kwake kwa wasiwasi.

"Ningekuwa mtu wa kupiga watu ningekupiga," alisema. "Unanisikia? Mbele ya huyu kaka ningekupiga."

"Nasikia."

"Unaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Mama hakufika Makka. Miaka sita jina lake lilikuwa kwenye orodha ya hija, na alikufa bado hajafikiwa." Aliushika vizuri mfuko wake. "Ukimaliza umra yako, mfanyie yeye ya kwake. Kwa miguu yako, si kwa kiti cha kusukumwa. Ukimaliza nipigie. Hapo nitajua nina la kukuambia au sina. Sikuahidi kitu, Da Aaminah. Usiende ukajipa moyo."

Aaminah ana miaka sitini na mitatu, na goti lake la kulia daktari alishalikatia tamaa. Neno "goti" lilimfika mdomoni kabisa. Alilirudisha.

"Nitafanya," alisema.

Aaminah na wenzake wa msafara waliingia Makka mwanzo wa Oktoba. Durban waliiacha na manyunyu, mijakaranda ikianza kuchanua. Huku upande wa pili wa dunia ndiyo kwanza vuli inaingia, ila vuli ya Makka ni ya jina tu. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshachoma lami. Mahoteli yalikuwa marefu hata ukitafuta vilele unaumia shingo, milima ya mawe inachungulia katikati yake, njiwa wamejaa barabarani hawamwogopi mtu, na watu wa kila rangi wanamiminika upande mmoja. Aaminah alikuwa ameuwaza mji huu tangu utotoni. Aliudhani kimya. Alipokuta kelele zile, magari, wauza tasbihi na kuku wa kukaanga, alicheka mwenyewe kwa furaha.

Watu husema dua ya kwanza unapoiona Kaaba haikataliwi, na yeye ya kwake aliitunza miaka thelathini: afya, mwisho mwema, Essop aache ubishi. Alipopita kwenye nguzo za mwisho, ikawa ile pale mbele yake, nyeusi na ndogo kuliko alivyodhani na nzito kuliko alivyodhani, dua zote zilimpotea. Kilichomtoka ni kimoja: "Ya Rabbi, mpe Tahira sura ya mama yake."

Umra yake aliimaliza, na goti likavimba. Siku nzima alilala hotelini na barafu. Fazel, kijana wa Overport kulekule Durban aliyeongoza msafara wao, alikuja na dawa na maneno mazuri.

"Khala, umra yako imekamilika. Sasa pumzika, swali, furahi."

"Nina nyingine."

"Kwa goti hilo? Basi nitakupatia kiti cha magurudumu, nitakusukuma mwenyewe."

"Hapana."

"Khala, Mungu hana shida na kiti."

"Mungu hana," alisema Aaminah. "Mwenye shida ni mwingine."

Siku ya tatu, baada ya Alfajiri, alipanda basi mpaka Tanimu, kwenye ule msikiti wa Bibi Aisha ambako watu huenda kuhirimia upya. Aliswali rakaa mbili akiwa ameketi, akanuia kwa sauti: umra hii ni ya Kidawa binti Amade. Alirudi akazunguka Kaaba mara saba. Raundi ya nne mtu alimkanyaga, ya sita akalia kwa maumivu, na hakuna aliyemshangaa, maana pale kila mtu analia. Kisha Safa na Marwa, mara saba, ndani ya ile njia ndefu ya marumaru, huku Fazel akimfuata nyuma na kiti kitupu. Jamani, ukaidi! Kila alipoegemea ukuta Fazel alikisogeza, na kila alipokisogeza alikodolewa jicho la kumrudisha Overport. Safari ya tano alitembea kwa upande mmoja wa mwili. Ya saba hakumbuki aliitembeaje. Alijikuta Marwa, anashukuru, mwanamke wa Kisudani anamkatia ncha ya nywele, na jasho limemlowesha mpaka miguuni.

Aliketi chini na kupiga simu. Durban ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Nimemaliza," alisema.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Aaminah alisikia kengele ya mlango kule kliniki, na mtu akiuliza daktari amefika. Halafu Tahira alisema kwa sauti ndogo, si ile ya South Beach, "Niambie uso wake."

Jema linaruhusiwa kusemwa. Aaminah alifumba macho.

"Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyetaka kuuliza kitu. Niliufunga kwa kitambaa. Jicho la kushoto lilikataa kufumba vizuri."

"Ndivyo alivyokuwa analala," alisema Tahira haraka. "Tulipokuwa watoto tulimwogopa. Endelea."

"Paji la uso halikuwa na mkunjo hata mmoja, nilimwonea wivu. Nywele zilikuwa ndefu kuliko nilivyojua, mvi ziko masikioni tu. Nilizisuka misuko mitatu nikailaza nyuma. Ngozi yake ilikuwa laini, Tahira. Wote niliowaosha, wachache sana walikuwa vile. Halafu vidole. Chini ya kucha za mkono wa kulia kulikuwa na manjano, ya kupikia. Nilisugua, nikasugua, hayakutoka. Nikayaacha. Alizikwa nayo."

Kule Durban Tahira alishindwa. Alilia kama mtu anayetapika, na Aaminah hakumnyamazisha. Alikaa na simu sikioni, watu wakimpita, naye analia pia.

"Alikuwa ananitengenezea achari ya embe," Tahira alisema mwishowe. "Nilimwambia nitakuja Jumapili. Alikuwa anapika ya kwangu."

"Basi ndiyo hiyo. Alikuwa na wewe mkononi."

Tahira alipenga kamasi. Mtu akamwita kule, akamwambia asubiri.

"Da Aaminah."

"Naam, mdogo wangu."

"Nikitangulia mimi, unioshe wewe. Sitaki mwingine."

Aaminah aliikandamiza simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Binti yangu Raeesa yuko Cape Town. Ndege za kule zinachelewa." Sauti ilikatika, ikarudi. "Umsubiri."

"Nitamsubiri," alisema Aaminah.